Aliyechukua Kicheko cha Kanana

Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalitokea kwetu Ruiri, sebuleni kwa baba yangu, nami nilikuwa nimeketi pale pale. Sikuwa nimelala, sikuwa nimekunywa, na mke wangu Kathure, ambaye hajui kudanganya hata kwa kuniokoa, aliyaona pia.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Meru, na nilikuwa nimejinunulia kompyuta ya nyumbani, ile ya zamani yenye kisogo kirefu. Wenzangu wachache waliokuwa nazo walinifanya hakimu wao. Programu gani ni nzuri ya kuvuta nyimbo kutoka kwa mtandao? Nilizijaribu kwa moyo wote, na mpaka leo ukinichokoza nitakueleza mpaka uchoke.

Ya kwanza ilikuwa ya kuudhi. Siku hizo mtandao ulikuja kwa waya wa simu, na simu ikikatika, hata kama umebakisha kidogo tu, inaanza upya bila aibu. Ya pili ilikuwa na akili, inakumbuka ilipofika na kuendelea kutoka hapo. Ya tatu ilikuwa mpya kabisa, na ndiyo yenye kisa. Hiyo ilikuingiza kwenye kompyuta za watu wengine, watu kama wewe na mimi, wako majumbani mwao huko duniani. Unaona kila mmoja ameweka nini kwenye folda yake, na jina lake limeandikwa kando. Unavuta chake, naye anavuta chako. Mwenzako akizima mashine, wimbo umekwenda na maji. Kwa uimara niliiweka ya mwisho. Kwa utamu, wacha tu!

Kwenye folda yangu, pamoja na nyimbo, niliweka kicheko cha mtoto wetu Kanana. Nilikinasa kwa kimaikrofoni siku moja Kathure akimwogesha. Kanana ni jina la mama yangu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na tangu siku hiyo unamwita mama, unamheshimu hivyo hivyo, hata kama anakukojolea shati. Lakini wawili hao hawakuonana. Mama alituacha mtoto akiwa bado tumboni.

Desemba hiyo tukaenda kwa Baba, na kompyuta nikaibeba. Baba alikuwa na simu nyumbani kwa sababu aliwahi kuwa mwenyekiti wa chama cha maziwa. Aliitia kufuli, na juu yake kulikuwa na kitambaa alichofuma Mama. Tulimkuta mzee amekonda. Ng'ombe pia alikuwa amekonda.

Ng'ombe huyo anaitwa Sofia. Mama alimlea tangu akiwa ndama, na kila akimkamua alimwimbia wimbo aliotunga mwenyewe. Mnajua ng'ombe wanavyozoea. Tangu Mama afariki, Sofia alibana maziwa, akapiga ndoo mateke, akawafukuza wasichana wote walioletwa kumkamua. Baba mwenyewe hakuwa amewahi kushika chuchu ya ng'ombe. Kwa wazee wa rika lake hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na wimbo wa kukamua, mwanamume alipita mbali nao. "Nimeusikia miaka yote," aliniambia, "lakini sikuusikiliza." Mimi nilikumbuka mwanzo wake tu. Basi Baba alikuwa amekubaliana na mnunuzi aje Jumamosi. Alitwambia hivyo akiangalia ukuta, na roho iliniuma, kwa sababu Sofia akitoka kwenye lile boma, hapangebaki kitu chenye uhai ambacho Mama alikishika kwa mikono yake.

Nilitaka kumchangamsha. Jioni hiyo nikaunganisha kompyuta kwa waya wa simu, nikaanza kujigamba kama kawaida yangu. "Baba, humu ndani kuna kila wimbo ulioimbwa duniani."

"Kila wimbo?"

"Kila wimbo!"

"Haya. Nitafutie ule wa Sofia."

Kathure alinitazama kwa jicho la kusema, umejitakia. Sasa ningefanya nini? Modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, ilipiga kelele zake kama siku zote, tukaingia. Nikaandika Sofia. Zikaja nyimbo chungu nzima, za Kizungu na za lugha nisizozijua. Nikacheza moja. Baba akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Hao si ng'ombe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nikamwona anatabasamu.

Ndipo Kathure akasonga karibu na kioo cha kompyuta. "Ni nani huyo anachukua mtoto wangu?"

Nikaangalia. Chini pale panapoonyesha wanaovuta vitu vyako, mtu alikuwa anavuta kicheko cha Kanana. Haki ya Mungu, mahali pa jina palikuwa peupe. Na programu ile haikukubali mtu aingie bila jina, nilikuwa nimeijaribu mwenyewe!

"Zima!" Kathure akasema. Alikuwa amemkumbatia mtoto kama kuna mtu mlangoni. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Wacha amalize," Baba akasema. "Mtu ameshaketi mezani kwako, utamnyang'anya sahani?"

Nikaondoa kidole. Kijistari cha kuonyesha amefika wapi kilisonga polepole, kikajaa. Hapo hapo, kwenye orodha ya wale Sofia wangu, pakatokea Sofia mwingine, kwa mtu yule yule asiye na jina. Nikabofya, ukaanza kuja.

Baba akakumbuka alitaka kumpigia mnunuzi, athibitishe Jumamosi. Kabla sijamzuia alikuwa ameshafungua kufuli na kuinua mkono wa simu. Nikapiga kelele, "Baba, utaukata!" Maana ukiinua simu, mtandao unaanguka, hakuna programu ya kukuokoa. Lakini haukuanguka. Baba alinisogezea simu sikioni. Niaminini, hapakuwa na mlio wowote. Simu ilikuwa imekufa kabisa. Nikachomoa waya nyuma ya kompyuta, nikaushika mkononi. Na wimbo ukaendelea kuja.

Mungu wangu! Ulipomalizika hakuna aliyetaka kuucheza. Ni Baba aliyesema, "Fungua."

Tukasikia maziwa yakigonga ndoo. Halafu Mama akaanza kuimba. Sauti yake, na kale kakikohozi alikokuwa nako wakati wa baridi! Aliimba wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, bila haraka, akimwita Sofia kwa majina yake ya kubembeleza. Baba alikuwa amesimama, midomo yake ikimfuata. Wimbo ulipoisha, Mama akasema kwa Kimeru, kwa ile sauti yake ya kugombeza, "Mzee, hujafunga lango. Ndama atatoka."

"Nimefunga!" Baba akajibu.

"Na huyo mtoto anacheka vizuri. Nimefurahi sana. Mpeni maziwa ya Sofia, msimpe ya pakiti."

Basi. Ikaishia hapo. Kathure alilia, mimi nikalia, na Kanana akatushangaa sote. Nilipoucheza tena haukutoa sauti. Faili ilikuwapo, ndani hamna kitu.

Asubuhi tulisikia ndoo. Baba, mwenyekiti mzima na koti lake, alikuwa bomani akimkamua Sofia na kumwimbia. Aliimba vibaya, jamani, kama mtu anayegombana na wimbo. Lakini Sofia alitulia, akaachilia maziwa mpaka povu likapanda. Mnunuzi alipofika Jumamosi alipewa chai ya maziwa mengi na kusindikizwa mpaka barabarani. Huko ndiko tulikoona nguzo za simu ziko uchi. Jirani alituambia wezi wa shaba walikata nyaya mchana wa siku ile ya wimbo, jua likiwaka, kabla hata sijaitoa kompyuta kwenye sanduku.

Baba alimkamua Sofia mpaka mwisho wa maisha ya ng'ombe yule. Wazee wenzake walimcheka, akawaambia wakacheke kwao. Kanana alikua kwa maziwa hayo, na wimbo alifundishwa na babu yake, pamoja na makosa yake yote. Mimi nilirudi Meru nikaitafuta ile nafasi isiyo na jina kila nilipopata simu. Nimejaribu programu za kila aina tangu wakati huo. Hakuja tena.

Sasa nawaonya ninyi mnaoacha folda zenu wazi. Ipo siku mtamwona mtu asiye na jina anachukua kitu mnachokipenda. Mtaogopa, na kidole kitakimbilia swichi, kama changu. Naomba mkiondoe hapo. Mimi nilibakisha kidogo sana nimfungie mama yangu mlango usoni, naye alikuwa amekuja tu kumsikia mjukuu wake.