Doa Katika Ini la Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha ekografi, mashine inayoonyesha ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, pale Butembo, daktari mkuu alinikataza kugusa mashine. "Mukono yako kwanza," aliniambia. "Mashine itakuya nyuma." Mwezi mzima nikapapasa wagonjwa chini ya mbavu za kulia, nikijifunza ini laini na ini gumu. Nilinung'unika sana, maana nilikuwa na kiburi cha diploma.

Baadaye alinipa daftari la wale aliowaita watu wa kuchungwa: wenye hepatiti B, yaani virusi ambavyo mama huweza kumwambukiza mtoto anapomzaa, vikakaa kwenye ini miaka na miaka, na wenye ini lililojaa makovu. Walikuja kuangaliwa kila miezi sita, hata kama hawaumwi popote. Saratani ya ini haipigi hodi. Ikianza kuuma, mara nyingi imeshachelewa kutibika.

Vita vikafunga barabara, na jeli ya kupaka tumboni, ile inayopitisha mawimbi ya mashine, ikatuishia. Tukapika uji wa unga wa muhogo, tukauchuja na kuupoza. Ulifaa kabisa.

Mama Kavira, mchuuzi wa maharage wa Kirumba, alikuwa mtu wa kuchungwa kwa hepatiti B. Kaka yake alikuwa amekufa kwa ini. Siku aliyofika nilikuwa na haraka, sikuchuja uji. Kivuli cheusi kikafunika upande mmoja wa ini. Nikaandika: safi. Daktari mkuu akachungulia.

"Kivuli hii hapana ya ini. Ni mapovu ya bugali yako! Pangusa, anza tena. Mama, vuta pumuzi, ikamata."

Nikachuja, nikapaka upya. Ini likashuka, na palipokuwa na kivuli pakatokea doa kama punje ya haragwe. Mwanamke huyu aliingia akicheka, kumbe amebeba kifo kisichomuuma, nasi tulikuwa tunakitazama kwa macho!

"Munionyeshe," alisema. Daktari akamgeuzia kioo. "Haka kadogo ndio kaliuaka kaka yangu?"

"Ya kwake tulichelewa kuiona, Mama. Hii bado kadogo."

Mashine ile hudokeza tu, haithibitishi saratani. Ndugu zake wakampandisha ndege katika uwanja wa Mavivi, akapimwa tena na kupasuliwa nje ya nchi. Miezi ikapita bila habari zake.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza ni lini niliuona ukubwa wa kazi hii, huwasimulia asubuhi Mama Kavira aliporudi, amekonda, anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Nyuma yake walifuatana mama yake mzazi na wadogo zake wanne.

"Docta," alisema, "siye bote tulitoka tumbo moja. Anza na mama."