Kazi ya Nyumbani ya Jumamosi ya Bamvua

Kach. Kach. Kach. Mpaka leo nikisikia stepla inabana karatasi, mgongo wangu unanyooka wenyewe. Siku ya kwanza ya somo lile mwalimu alitutangulia kufika. Alikaa mbele yetu akibana karatasi mbili mbili, na kila aliyeingia akapewa nakala yake. Ilipotimia saa tatu asubuhi, stepla akaitia mkobani. Waliochelewa walipewa karatasi zisizobanwa, feni ikazitawanya chumba kizima, nasi tukawacheka walivyozikimbiza chini ya viti.

Chuo chetu kilikuwa tawi dogo tu, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini Kilindoni. Tulikuwa tunachukua diploma ya ualimu, na somo lenyewe lilikuwa kalkulasi ya vigeu vingi, yaani hesabu ya kitu kinachobadilika kwa kufuata vitu viwili au vitatu kwa pamoja. Mimi niliingia pale kwa kupenyapenya, maana matokeo yangu ya kidato cha sita hayakuwa ya kumwonyesha mgeni. Lakini nilikuwa na ndoto moja iliyokuwa hainipi usingizi. Nilitaka kufundisha hesabu kwenye sekondari niliyosoma mwenyewe, ambako mwaka mzima tulikaa bila mwalimu wa hesabu, tukiandikiana ubaoni na kukosoana kwa kubahatisha. Nisipofaulu somo hili, diploma hakuna, na ndoto imeishia hapo.

Mwalimu, kijana wa bara mwenye sauti ya chini, akatusomea masharti. Vipindi ni Jumatano na Jumamosi. Kazi ya nyumbani inakusanywa Jumamosi kabla majina hayajaitwa, na ya kuchelewa haipokelewi. Kujadiliana ni ruhusa, ila ukishika kalamu uwe peke yako. Kikokotoo kwenye mtihani, marufuku. Ile kazi moja itakayokupa alama za chini kuliko zote ataitupa, hataihesabu. Na atakayekosa vipindi vitatu bila taarifa, jina lake linatoka.

"Huyu katuletea somo au katiba?" shoga yangu, binti wa kisiwa cha Bwejuu, akaninong'oneza.

"Nimesikia," mwalimu akasema bila kuinua macho. "Katiba kwanza, somo baadaye."

Nikampenda palepale. Kwa namna ya mwanafunzi, msinielewe vibaya.

Tatizo langu lilikuwa hiyo Jumamosi. Kwetu ni kisiwa cha Juani, ng'ambo ya maji, na mimi na mama tulilima mwani, kwenye sehemu ambayo watu wa hifadhi ya bahari walitukubalia kusimika vigingi. Mwani unafuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, asubuhi maji hutoka mbali sana, na hapo ndipo kamba tunazofungia mwani hufikika. Ukizikosa, mwani unakatika na mkondo unaubeba. Basi bamvua ikiangukia Jumamosi, mwalimu anaita majina Kilindoni, na mimi nimeinama kwenye maji ya magoti. Hata ningetaka kukimbia, mashua zenyewe zimekaa kwenye mchanga.

Sikutulia popote. Nikiwa baharini najiambia, saa hizi wameshafika mfano wa pili. Nikiwa darasani nachungulia dirishani, nawaza vigingi vya mama.

"Mwanangu, hilo fundo gani?" mama aliniuliza siku moja. "Hata samaki atalifungua."

Nikakosa kipindi cha kwanza, nikakosa na cha pili. Hicho cha pili kilikuwa na kazi ya kukusanya, na mimi hata sikuwa nimeimaliza.

Sasa, pwani yetu mwanamke asipoonekana siku ya maji, hakuna anayeuliza maswali. Huenda anaumwa, huenda kajifungua. Wenzake watamfungia kamba zake, na akirudi atazikuta zimenyooka. Shoga yangu wa Bwejuu na mwenzetu mwingine wa Juani walikuwa wamepanga chumba pale Kilindoni, lakini wamekulia kwenye kamba hizohizo. Waliponiona sipo, hawakujiuliza mara mbili.

Jumatano iliyofuata mwalimu akainua karatasi juu.

"Huyu Jumamosi hakuwepo," akasema, akanitazama mimi. "Karatasi yake ilikuwepo. Ilikuja kwa miguu?"

Nikaona jina langu juu yake, kwa mwandiko usio wangu. Shoga wa Bwejuu akasimama, na yule mwenzetu wa Juani nyuma yake.

"Mwalimu, tumemfungia kamba zake tu!"

Nusu ya darasa ikacheka, kwa sababu nusu ya darasa ilielewa. Mwalimu hakuelewa hata kidogo. "Kamba zipi?"

Ikabidi nisimame nimweleze, bamvua, mwani, mama, yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huko baharini ni jambo jema sana," akasema. "Lakini mimi nikisahihisha nataka kujua wewe umekwama wapi. Karatasi hii imeniambia mwenzako amekwama wapi. Sifuri, wote watatu. Na kwa kuwa ya chini kabisa naitupa, basi mmeshaitumia nafasi hiyo. Nyingine hakuna." Akafungua daftari la mahudhurio. "Na wewe umeshakosa mara mbili. Kwa nini hukunipa taarifa?"

"Nilijua taarifa ni ya msiba au hospitali, mwalimu. Niliona aibu kukuletea habari za mwani."

"Ada yako inatoka wapi?"

"Kwenye mwani."

"Sasa aibu ya nini?"

Nikaigeuza ile karatasi ya masharti. "Mwalimu, hapa umekataza kuchelewesha kazi. Kuwahisha hukukataza."

"Mwanasheria huyo!" mtu akapiga kelele nyuma.

Mwalimu akaisoma karatasi yake mwenyewe taratibu. "Kweli," akasema. "Sikukataza."

Tuliposhuka ngazi, shoga wa Bwejuu alikuwa analia kwa hasira. "Kumbe kumsaidia mtu ndiko kumzamisha!" Nikamkumbatia, nikamwambia, "Shoga, ningekuona umekaa tu, ningekununia zaidi." Tukanunua mihogo ya kukaanga, pilipili ikatumalizia machozi yaliyobaki.

Bamvua nyingine ilipokaribia Jumamosi, nilimtumia mwalimu ujumbe mapema, kisha nikaketi na maswali uani, mwani unakauka pembeni. Swali la mwisho lilinitoa jasho. Lilitaka mahali ambapo uso wa umbo umetulia, haupandi wala haushuki, kisha wewe useme ni kilele au ni bonde. Mahali nilipapata. Lakini ukienda upande huu unapanda, ukienda upande ule unashuka. Nikafuta, nikarudia, ikaja vilevile. Simu ikalia, ujumbe wa shoga: *La mwisho umelipata? Nikwambie?* Nikamjibu, *Usiniambie, Jumapili tutaongea.* Nikaandika: *Si kilele, si bonde. Sijui kinaitwaje.*

Ijumaa nikavuka na mashua ya mapema, nikaenda mpaka Kilindoni. Watu walikuwa msikitini, duka la chini limefungwa, na mlango wa darasa nao umefungwa. Nikapiga magoti, nikaipitisha karatasi yangu chini ya mlango, nikaisukuma kwa ukucha mpaka pembe yake ya mwisho ikaingia ndani.