Mguu Ulioinuka kwa Nguvu Zake

Nakumbuka jioni moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipotambua kwamba mwili unaweza kupelekwa mahali ambapo nguvu zake bado hazijafika.

Mimi na dada yangu mkubwa, Nekesa, tulikuwa tukifanya sarakasi katika ukumbi wa mtaa kule Komarock, ambao sote tuliuita sosho. Baba, mfanyakazi wa reli asiye na maneno mengi, alituruhusu kwa sharti moja: siku mmoja wetu angerudi nyumbani ameumia, sote wawili tungeacha. Nekesa hakupenda kitu kingine chochote kama sarakasi. Nami niliipenda, ingawa kwa tabia yangu ya kupima jambo kupita kiasi, tabia ambayo hata shahada ya uzamili haikuniponya, niliogopa hata nilipofurahi.

Desturi ya kikundi chetu ilikuwa kukandamizana. Ukipiga msamba na mapaja yakagoma kufika sakafuni, mwenzako alikukalia mgongoni mpaka yafike. Aliyenikalia mimi ni Ochi, kijana mzito aliyekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga baada ya kazi ya kiwandani.

"Pumua, msupa," aliniambia, jina alilomwita kila msichana. "Leo mifupa umeiacha nyumbani."

Nilipogusa sakafu, ukumbi mzima ulipiga makofi, nikaamini nimefuzu.

Muda mfupi baadaye nilipanda mabegani mwa Nekesa kujaribu pozi la onyesho la Jumapili: kuinua mguu pembeni hadi karibu na sikio. Ulikwama chini ya kiuno. Nikaushika kwa mkono nikauvuta. Ulikubali, lakini kiwiliwili kikalala upande wa pili. Nekesa alipinda shingo akijaribu kunizuia nisianguke, tukaporomokea godoro kuukuu, mimi juu yake. Nikawa na hakika kwamba nimemvunja dada yangu.

"Shingo?" niliuliza.

"Iko. Toka kwanza. Wewe si mwepesi vile unafikiria."

Aliketi, akageuza kichwa polepole huku na huku. Kisha akauinua mguu wangu hadi juu, akauachilia. Ukaanguka.

"Nikiushika unapanda, nikiuacha unaanguka. Sasa huu mguu ni wako ama ni wa Ochi?"

"Usiniingize," Ochi alisema. "Mimi nilikaa tu."

Nekesa hakucheka. "Jumapili utainua pale unaweza kushikilia bila mkono. Hata kama ni gotini."

Tangu jioni hiyo aliniwekea kisigino juu ya benchi, akanitaka nikiinue kiachane na ubao kwa upana wa kiganja, nikishikilie huku nikipumua, kisha nikishushe taratibu. Paja lilitetemeka na nyonga ikabana. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumapili mguu wangu ulifika kiunoni.

"Panda basi, ama umechoka?" mtu mmoja alinipigia kelele kutoka viti vya nyuma, na watu wakacheka. Sikuugusa kwa mkono. Chini ya wayo wangu mabega ya Nekesa yalitulia tuli. Tulirudi nyumbani wazima, na Baba akatuuliza tu kama tumekula.

Kwa hiyo, mwanangu, unapojinyoosha kwa ajili ya mazoezi yanayotumia uzito wa mwili wako mwenyewe, usijipime kwa mahali unaposukumwa. Jipime kwa mahali unapoweza kufika na kukaa bila msaada. Pasha mwili joto kwanza. Inua polepole, na ushushe polepole zaidi, maana huko ndiko misuli inakojifunza. Nafasi uliyoipata kwa kukandamizwa usiitegemee kabla hujaitia nguvu, hasa ikiwa yuko mtu chini yako. Na ukiishia kiunoni wakati wengine wanafika sikioni, kaa hapo bila haya.

Mungu akupe viungo vinavyokutii na subira ya kuvingoja. Awalinde pia wote watakaokubali kukubeba.