Nduta Ndani ya Kompyuta

Nduta Kahiga aliendesha basi la shule moja ya Karatina kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mfupi kiasi kwamba wazazi waliosubiri kando ya barabara waliona kitambaa chake cha kichwa tu nyuma ya usukani. Ili kukanyaga klachi mpaka mwisho, ilimbidi ateleze hadi ukingoni mwa kiti, na kufikia jioni kiuno kilimuuma.

Karakana ya kuunda bodi za mabasi mjini Nyeri ilipotafuta madereva wa kupimwa, mwalimu mkuu alituma jina lake. Huko alipokelewa na Moffat, injinia kijana, aliyemweleza kazi yenyewe: kunasa jinsi mtu anavyosogea, kumtengeneza mwenzake ndani ya kompyuta, kisha kumkalisha huyo katika basi ambalo bado halijaundwa. Mpaka siku hiyo walikuwa wakitumia umbo lililokuja na programu, la mwanamume wa futi sita.

Nduta alivalishwa nguo ya kubana, akabandikwa vitufe vinavyong'aa mabegani, kiunoni na magotini. Kamera nane zilimfuata akipanda, akikaa, akibadilisha gia na kushuka katika fremu ya mbao iliyofanana na sehemu ya dereva. Alirudia mara arobaini.

Baada ya chai alionyeshwa skrini. Mtu wa kijivu asiye na uso alipanda, akakaa, akanyoosha mguu wa kushoto. Nduta alisogelea skrini. Aliujua mwendo ule. Kisha mtu wa kijivu akaupa mlango mgongo, akashuka kinyumenyume.

"Hapa kuna makosa," Moffat alisema. "Nitamnyoosha. Dereva hushuka akiangalia mbele."

"Ni nani alikuambia hivyo?"

"Programu ndiyo inasema, Mama."

"Hiyo si makosa, injinia. Hiyo ngazi iko juu sana. Siku moja nilishuka nikiangalia mbele nikaanguka, goti ikateguka. Wacha hivyo hivyo."

Moffat hakubishana, lakini hakuamini; Nduta alipoondoka, aliifuta sehemu hiyo ya kushuka. Wiki iliyofuata aliita madereva wengine watano. Wanne walishuka kinyumenyume, akiwemo Jackton, mrefu kuliko wote. Basi akairudisha sehemu aliyokuwa ameifuta, akashusha ngazi, akaweka kishikio mlangoni, na akarefusha reli ya kiti iweze kusogea mbele zaidi.

Mabasi matatu ya mtindo huo yalitoka Februari. Shule ya Nduta haikununua hata moja. Moja lilikwenda shule moja ya Kerugoya, na Nduta aliposikia, aliandika barua ya kuomba kazi huko. Alichukuliwa, awe akipokezana zamu na Jackton, aliyekuwa dereva wa shule hiyo.

Jumatatu ya kwanza Jackton alipanda baada yake, magoti yakagonga usukani.

"Sasa hii gari ilitengenezewa nani?" aliuliza.

Nduta aliinama, akamwonyesha wenzo uliokuwa chini ya kiti.

"Vuta hiyo, urudi nyuma," akamwambia, akaenda kutia saini ofisini.