Bote si Mbote

Wewe unayenifuata hapa kila wiki, leo keti unisikilize, maana nililo nalo ni la kusemwa kuliko kuandikwa. Mama aliyekuwa akikaanga mandazi kwenye mtaa wetu wa utotoni, Butembo, amefariki. Alikuwa mzee, na wazee hufa. Nisingekusimamisha kwa hilo peke yake. Kilichoniacha nimeshika simu hapa Beni bila kuweza kuiweka chini ni namna alivyokufa. Alianguka ndani ya nyumba yake, akashindwa kusimama. Alijikokota mpaka mlangoni, akaubisha mlango wake mwenyewe kutoka ndani. Kulia kwake kuna watu, kushoto kuna watu, na hakuna aliyekuja. Binti yake aliyeolewa Kampala alipiga simu akaikuta imezimika, akadhani umeme umekatika, kama kawaida. Wasiwasi ulipomzidi akampigia jirani, lakini mlango ulipovunjwa mama alikuwa amekwisha kupoa. Nimeziandika sentensi hizi na kuzifuta, nikaziandika tena, na bado haziniingii akilini. Mama yule? Kati ya watu wote wa mji ule, mama yule?

Ili uelewe kwa nini nauliza hivyo, twende taratibu. Tulipokuwa watoto, kiberiti kilikuwa kitu cha kutunzwa. Kilikaa juu ya kabati, mbali na unyevu wa ukungu wetu wa milimani, na mama zetu hawakukigusa kama kulikuwa na moto uliokwisha kuwaka mahali pengine. Na mahali penyewe palijulikana. Mama huyo alianza kukaanga mapema kuliko wote ili mandazi yawe tayari watu wakielekea sokoni na shuleni, kwa hiyo moto wake wa kuni za mikaratusi ndio uliokuwa wa kwanza mtaani. Kila nyumba ilituma mtoto na kigae cha chungu kilichovunjika, akaombe kaa la moto. Tulipanga mstari huku tunatetemeka kwa baridi, tukinusa mandazi ambayo hatukutumwa kuyanunua. Moto wake haukuuzwa, lakini pia haukutolewa kimyakimya. Alilishika kaa kwa koleo, akalileta juu ya kigae chako, akalisimamisha hapo hewani, akauliza neno moja: “Bote?” Kwa Kiswahili chetu, bote ni wote: je, kwenu mmeamka wote? Ukijibu, “Bote, mama,” kaa linaanguka kigaeni. Ukisita, linabaki hewani. Atataka kujua nani anaumwa, anaumwa wapi, amekula nini. Na wewe ukiwa njiani kwenda shule utamkuta ameshapinda kwenye njia ya kwenu na sahani iliyofunikwa.

Usidhani ilikuwa ibada. Rafiki yangu mmoja alimjibu siku moja, uso mkavu kabisa: “Bote, mama, ila mbuzi tu.”

“Mbuzi iko na nini?”

“Ilikatala kuamuka, mama. Papa aliichinja jana.”

Alicheka mpaka koleo likatikisika na kaa likaanguka chini. “Weye mutoto utaniua! Kamata moto yako, na umuambie papa anichungie kamukia!” Alitaka awekewe japo mkia.

Kisha alihamia mtaani ofisa wa serikali kutoka upande wa Équateur, mtu wa Lingala, ambaye Kiswahili kilikuwa bado kinamkimbia. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo moto alikuja kuufuata mwenyewe, suruali imenyooka kwa pasi, kigae mkononi kama sisi. Mama akamuuliza, “Bote?” Ofisa akang’aa uso mzima. “Mbote, mama! Mbote mingi!” Kwa Lingala, mbote ni salamu, na yeye aliona kwamba mama huyu mwema anajaribu kumsalimu kwa lugha yake, ila herufi ya kwanza imemponyoka. Mstari mzima tukaanguka kwa kicheko.

“Ee papa, hapana mbote,” mama akamwambia. “Bote. Weye, bibi, mutoto. Bote?”

“Ah! Mbote na bango nyonso!” akajibu, yaani na wao wote wasalimiwe.

Mama akatazama juu, akaachia kaa. “Kamata tu, papa. Utajua siku moja.”

Mchezo ule ukawa wa kila asubuhi. Tuliubeba mpaka shuleni, tukapeana mbote kwa ile sauti nene ya ofisa. Ndipo ikaja asubuhi moja aliposema mbote kwa sauti ya chini. Sisi tulicheka kama tulivyozoea. Mama hakuliachia kaa. “Papa, bibi iko namna gani?” Yule bwana alitafuta Kiswahili, akapata maneno machache: “Bibi... iko moto.” Tukazidi kucheka, maana tulidhani anamwombea mkewe moto. “Munyamaze!” Sauti ile hatukuwahi kuisikia kwake. Alirudisha kaa jikoni, akaipua karai la mafuta, mandazi yakabaki mabichi upande mmoja, naye akakimbia bila viatu. Mke wa ofisa alikuwa anaungua kwa homa ya uzazi, hata mtoto wake hamtambui. Wanaume wa mtaa walimweka kwenye tipoy, ile machela yetu ya miti, wakampeleka kituo cha afya, na akapona. Ofisa alipohamishwa na kuja kuaga, alisimama mbele ya karai lilelile akasema kwa Kiswahili kilichokwisha kunyooka: “Mama, kwetu mbote ni salamu. Huku kwenu, bote ni kazi.”

Sasa tufikirie pamoja, bila kumtafuta mtu wa kumlaumu. Kile kigae hakikuondolewa na mtu mbaya. Viberiti vilishuka bei, vikaja vya gesi vya kubofya kwa kidole, na mama zetu wakashukuru, kwa haki kabisa. Nani anamtaka mtoto wake abebe kaa la moto kwenye ukungu? Baadaye zikaja kuta. Tumepitia vita vilivyotufundisha kwamba anayebisha mlango anaweza kuwa yeyote. Tumepitia ugonjwa uliotufundisha kutopeana mikono, kusalimiana kwa viwiko na kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuingia kwa ndugu. Mafunzo hayo yaliokoa watu, na wewe msomaji huenda ni mmoja wao. Lakini hatukuona kwamba pamoja na kigae tulikuwa tunaweka chini na lile swali. Moto ulikuwa kisingizio tu. Siku hizi nafungua simu, namwona jirani ameweka picha ya chai yake na mstari wa Biblia, nasema moyoni, huyo yuko salama. Hiyo ni mbote. Ananisalimu mimi na dunia yote. Bado sijui kama kwao wameamka wote.

Nilipanda Butembo kwa matanga. Chini ya hema nilikaa karibu na mama kijana anayeishi ng’ambo ya ukuta wa marehemu, mwalimu, mtu wa kwaya, mtu mzuri. Hakuwa amekula kitu. Aliniambia huku analia, bila mimi kumuuliza, akiniita yaya kama mkubwa wake: “Yaya, nilisikia. Nilisikia kama mutu anagonga-gonga. Nikasema ni bafundi, si banajenga pale chini? Mais, lakini nilisikia.” Nilimshika mkono. Nilimwambia ukweli ninaouamini, kwamba yeye hakumuua mtu, na kwamba mtu anayesikia mafundi kila siku hana kosa akidhani ni mafundi. Hakuacha kulia, na sikumlazimisha.

Tulipokuwa hapo, wanawake wa mapishi walitaka kuwasha jiko la pili kwa ajili ya sufuria kubwa ya maharagwe. Mmoja wao, mama wa rika langu tuliyesimama naye kwenye mstari ule zamani, alichota makaa kwenye jiko la kwanza kwa mfuniko, akayapeleka. Binti wa jiko la pili akanyoosha beseni. Mkono wa yule mama ukasimama hewani wenyewe, na mdomo ukasema wenyewe: “Bote?” Kisha akasikia alichosema. Waliokulia mtaa ule waliinamisha vichwa, vijana walitazamana. Makaa yalibaki hewani, yakififia kwa majivu, maana hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Ni yule mwalimu aliyeuliza, kamasi bado zinamtoka: “Bote ni nini?”

Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, kigae, mbuzi, ofisa na karai. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafuta uso, akainuka, akatoka nje ya ua kwenda mlango wa pili kutoka kwake, anakoishi mzee mmoja mjane ambaye hakuja matangani. Tulimsikia akibisha. Tulimsikia akiuliza neno lile, kwa aibu kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Jibu lilichelewa, kisha likaja, sauti ya kikohozi: “Niko, mama. Miguu tu. Ingia.”

Kwa hiyo fanya hivi kesho asubuhi, popote ulipo. Jiko likishawaka, toka nje uende mlango ulio karibu zaidi na wako. Bisha, sema wewe ni nani ili usimtishe mtu, kisha uliza kama wameamka wote. Wakikujibu kwa salamu, uliza tena. Usiondoke mpaka ujibiwe.