Mjukuu kasomea theatre, ukoo ukamcheka, ila aliyenipatanisha na kaka yangu ni yeye

Wakuu, marahaba kwa mnaoniamkia, na wenye mvi wenzangu habari za migombani. Mimi ni mzee wa Machame, shule niliishia darasa la nne, herufi zikiyumba mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi nimeweka kidogo, ya kuonja tu.

Mjukuu wangu Aikande kamaliza chuo, diploma ya theatre, yaani kuigiza jukwaani.

Krismasi ukoo ulipopanda nyumbani, kila kijana akasimama kutaja alichosomea. Mhasibu, tukapiga makofi. Injinia, akaongezewa mbege, pombe yetu ya ndizi. Aikande akataja theatre, watu wakatazamana. Mimi mwenyewe nikamuuliza, "Kwa hiyo miaka mitatu ulikuwa unafundishwa kulia?"

Watu walicheka. Yule mhasibu kwa sasa anafuga kuku, na injinia anamsaidia kuwakamata, lakini tuyaache.

Shida yangu ilikuwa kaka yangu Elia. Vihamba vyetu, mashamba tuliyorithi, vimepakana, na mpaka ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu. Mwaka wa sita alikuwa hanisemeshi, maana nilimwita mwizi wa mpaka mbele ya wazee wa kanisa, na aliyesogeza ni mimi. Futi mbili, kwa ajili ya migomba.

Kwa mama yetu tumebaki wawili tu. Nilikuwa naogopa mmoja azikwe na mwingine amenuna.

Kwetu ukikosea unapeleka jani la sale, na anayeletewa hakatai. Nilishapeleka. Ila wakuu, nilichuma palepale mpakani. Kaka akaligeuza lile jani, akasema, "Hata la kuombea msamaha umeniibia." Akafunga geti.

Nikamsimulia Aikande. Hakucheka. Akanipeleka bandani, akanisimamisha mbele ya ng'ombe.

"Babu, huyu ndiye Babu Elia. Haya, omba."

Nikaomba. Akasema naomba kama mtu anayedai maziwa yake. Kila nikitamka nisamehe nilikuwa naunganisha "lakini na wewe". Akalipiga marufuku. Akasema na mabega yangu bado yana ugomvi, niyashushe. Siku nne, wakuu, mzee mzima nalia mbele ya mnyama. Siku ya nne ng'ombe akanigeuzia mkia.

"Unaona? Hata yeye hajakuamini."

Siku ya tano nikaenda na sale la kuomba kwa jirani. Kaka akafungua geti. Nikamwamkia shikamoo, nikavuta pumzi.

"Kaka, mpaka nilisogeza mimi. Halafu nikakuita mwizi."

Basi. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, pale Aikande alinitesa siku nzima.

Kaka akapokea jani. Naye akanyamaza. Akavuta pumzi, akainua macho taratibu. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu yule mtu tangu utotoni anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nikamuuliza, "Na wewe kakufundisha?"

"Wiki mbili," akasema. "Wewe alikupa nani? Mimi alinipa mbuzi."

Nikamwambia ng'ombe. Akaona nimependelewa.

Tulicheka tukashikana mikono, halafu kicheko kikageuka kilio, na hicho hatukufundishwa na mtu. Kesho yake tulichimba masale pamoja, tukayarudisha futi mbili.

Sasa habari imeshuka mpaka Kiboriloni. Vijana wanaokwenda kujitambulisha ukweni wanapanda kwa Aikande. Wenye ndoa zinazotetereka nao wanapanda. Juzi kaja injinia, anataka kufundishwa kujibu maswali ya usaili. Bandani kuna foleni, na ng'ombe kapunguza maziwa kwa uchovu.

Nilichojifunza: cheti hakionyeshi kazi mpaka shida imkute mtu. Msiwacheke watoto kabla hamjaumwa.

Kilichobaki ni kumwomba radhi Aikande mwenyewe. Nimejaribu mara mbili, kila nikifungua mdomo naona ananipa maksi. Aliyewahi kumwomba msamaha mwalimu wa kuomba msamaha aniambie hapa chini alianzaje.