Kunazi za Sleiman

Bi Mahbuba wa Mabela alikuwa na ugomvi na jua la Maskati, na kila mwaka jua lilishinda. Kila akienda Unguja kuona jamaa zake, alirudi na mbegu za shokishoki zimefungwa kwenye kipande cha kanga kibichi. Alizipanda kwenye ndoo, akazijengea kivuli cha magunia, akazimiminia maji bila huruma. Miche ikichomoza, aliita nyumba nzima ije kuona. Ukifika mwezi wa saba, yote imekauka. Watu walimwambia aache, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa akilia hasa, mtu mzima, kwa ajili ya mche. Alichotaka ni shokishoki moja tu ya uani kwake, aipasue kwa meno kama alivyofanya utotoni.

Mumewe, Sleiman, alipanda mikunazi mitano nyuma ya ukuta, upande wa bonde kavu. Aliimwagilia mpaka ikashika, kisha akamwachia Mungu. Mkunazi hauna deko. Mizizi ilizama ikajitafutia maji yake, na mwaka ule bonde lilipofurika, ukuta wa jirani ulichukuliwa na maji, wa kwao ukabaki. Mbuzi wa mtaani walikula majani yaliyopukutika. Nyuki wakaja, Sleiman akaweka mizinga, na asali ya mkunazi Waomani huigombania. Tiketi za Unguja zilitoka humo humo kwenye asali. Bi Mahbuba alilijua hilo, ila hakulitamka hata siku moja.

Kila msimu Sleiman alimletea bakuli la kunazi, kazitia chumvi na pilipili kama wanavyokula watoto wa skuli kule kwao Unguja.

"Onja basi, Bi Mahbuba. Moja tu."

"Mie nile mti wa kuoshea maiti? Mama alikuwa hataki hata upandwe karibu na nyumba."

Sleiman alicheka, akazila mwenyewe barazani. "Nna subira mie. Utaonja tu."

Alifariki mwaka jana, kunazi hazijaiva bado. Binti yao, Hind, ndiye aliyekwenda nyuma ya ukuta kuchuma majani ya kumuoshea babake.

Msimu huu mikunazi ilizaa mpaka matawi yakainama, na hapana aliyeleta bakuli. Bi Mahbuba alikuwa akitazama mlangoni kila alasiri, roho inamuuma. Siku moja Hind, aliyekuwa akifunga mizigo ya safari ya Unguja, akamuuliza:

"Mama, nikuletee mbegu zako za shokishoki?"

"Usilete, mwanangu. Nipe bakuli, na chumvi na pilipili."

Alijikongoja mpaka nyuma ya ukuta, akaokota mwenyewe. Akarudi kukaa barazani, akamwachia Sleiman nafasi yake. Kunazi ilikuwa kali kidogo, halafu ikawa tamu.

"Tamu, Sleiman," alisema kwa sauti.

Kisha akangoja kile kicheko.